Nilivyonenepa Huku Meno Yanaoza

Wewe unayesoma huku umeshika shavu, nimekuona. Usijifiche. Mimi nililishika langu miaka mitatu mizima mpaka watu wakadhani ndivyo nilivyozoea kukaa. Leo naandika nikiwa na furaha mpaka mkono unakimbia mbele ya akili, kwa hiyo nikiruka neno mnisamehe. Nyie mnaoumwa hamna haja ya Kiswahili kizuri, mna haja ya mtu aliyepita huko akarudi.

Jina langu ni Gaudensia, ila hapa Mwamkulu ukiuliza Gaudensia watakutazama tu. Uliza Mama Tumaini mwonja asali. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na nne huu. Wafugaji nyuki wa kikundi chetu wanaleta ndoo kutoka porini, mimi nakaa ghalani kwenye stuli, nafungua kifuniko, nachovya kijiti, naonja. Iliyovunwa mbichi, ina maji, naijua. Iliyopigwa moshi mwingi naijua. Ile ambayo mtu kachemsha sukari akachanganya, weee, haijafika hata kooni nimeshamtazama mwenye ndoo usoni.

Na sisi tuna desturi yetu. Nikimeza, ndoo imekubaliwa. Nikitema, mwenyewe anaifunika na kuondoka nayo. Hakuna kubishana. Wanaume wazima wanasimama mbele yangu kimya wakilitazama koo langu, wakisubiri limeze. Nilikuwa najisikia mtu kweli kweli, siwezi kuwadanganya.

Jino la kwanza kuuma lilikuwa la chini kulia, lile kubwa la nyuma. Lilianza na kitundu. Ulimi ukawa unaenda huko wenyewe, asubuhi, mchana, hata nikiwa kanisani. Siku nikinywa maji ya baridi naruka. Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angeenda hospitali. Mimi mwenye asali nilifanya nini? Nilichukua pamba, nikaichovya kwenye asali nzito, nikaishindilia ndani ya tundu.

Msinicheke kwanza. Kwetu mtoto akiungua tunapaka asali. Kikohozi, asali. Kidonda kisichofunga, asali. Nilikua naona hivyo na ninaendelea kuona hivyo. Tena nilikuwa na hoja yangu nzuri tu kichwani: asali yenyewe haiozi, unaiweka kwenye ndoo miaka na miaka unaikuta salama, sasa itaozeshaje jino? Nikajiona nina akili kuliko wote. Kila jioni nikishakula naweka pamba yangu. Inauma kwanza, machozi yanatoka, halafu panapoa. Nikasema, si unaona, dawa inafanya kazi.

Tundu likawa mawili. Mawili yakawa manne.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoanza kunichagulia chakula. Mahindi ya kuchoma, niliyaacha. Karanga, niliziacha. Nyama nilikuwa nainyonya mchuzi halafu naisukuma pembeni ya sahani kwa ujanja, watoto wananyang'anyana. Mboga za majani zilikuwa zinaingia kwenye matundu na kukaa humo, nikaziacha nazo. Kilichobaki ni vitu laini. Andazi nalichovya kwenye chai mpaka linakuwa tope. Kiazi kitamu. Soda kwa mrija, naupitisha pembeni pasipouma. Na uji.

Uji huo niwaeleze. Mama mkwe wangu alikuja kuishi nasi kutoka Usevya baada ya baba mkwe kufariki, na mama huyo anapika uji wa mchele ambao sijawahi kuuona kwingine. Anautwanga mchele nusu, anaweka maziwa, anaweka sukari mpaka kijiko kinasimama. Sufuria nzima asubuhi, sufuria nyingine saa kumi. Mume wangu na watoto walikuwa wanaonja kikombe kimoja, basi, wanakimbilia ugali. Tunabaki wawili, mimi na mama, tunaumaliza. "Kunywa, Mama Tumaini," ananiambia. "Mwanamke wa nyumba ya mwanangu asikonde."

Na sikukonda! Yaani nilijaa. Fundi akaongeza vipande ubavuni mwa magauni yangu yote, halafu akaongeza tena, mwisho akaniambia kwa upole, "Mama, sasa tununue kitenge kipya tu." Pete ya ndoa ikagoma kutoka. Nikitoka nyumbani kwenda ghalani natweta, nakaa njiani mara mbili. Na watu walivyokuwa wananisifia! Jumapili baada ya misa wanawake wananizunguka: umenawiri, baba Tumaini anakutunza, tupe siri. Natabasamu mdomo umefungwa, maana nikiufungua wataona. Hakuna aliyejua kwamba yale yalikuwa mafuta ya maumivu. Kila jino lililonigomea liliniongezea uji.

Halafu kuna jambo ambalo naona aibu kuliandika, ila wewe uliyeshika shavu unalijua. Harufu. Nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu, haikuondoka. Mume wangu, Fortunatus, hakuniambia neno hata moja. Alianza tu kulala akiutazama ukuta. Mtu niliyezaa naye watoto wanne, anatazama ukuta. Nilikuwa namtazama mgongo nalia bila sauti. Ningependa angenitukana, ingekuwa nafuu.

Siku yenyewe ilikuja katikati ya msimu mkubwa, mvua zimeshakatika, ndoo zimejaa mpaka nje ya ghala. Mzee Ntinda wa Sitalike alikuwa mbele yangu. Mzee huyu katika miaka yote hajawahi kurudishwa na ndoo. Nikachovya, nikaonja, asali ikaingia kwenye tundu la kushoto, na wallahi niliona mwanga mweupe. Nilipiga kelele nikatema. Nilitema chini, mbele ya miguu yake.

Ghala zima likageuka kututazama. Mzee Ntinda alinitazama, akaitazama asali yake kwenye vumbi. "Asali yangu mimi?" akasema. Nikataka kumweleza, taya halifunguki. Nikatikisa kichwa, yeye akadhani ndiyo nimesisitiza. Akafunika ndoo zake saba, akazipakia, akaondoka. Jioni ile shavu lilivimba mpaka jicho likafunga, na Fortunatus akasema, "Kesho hospitali. Sikuombi, nakuambia."

Basi nikajua benchi la meno. Mnajua sehemu nyingine za hospitali watu wanapiga soga, wanaulizana wametoka wapi, wanasemana. Benchi la meno ni kimya. Watu kumi wameshika mashavu, wanaongea kwa mikono. Mama mmoja akanionyesha vidole vitatu, meno yake matatu. Nikamwonyesha vidole vyote vya mkono. Akanivulia kofia kwa macho, akasogea nikae.

Kabla ya kumwona daktari unapimwa uzito. Nesi Editha, dada mmoja mrefu mwenye utani, akanipandisha mizani akatazama, akasema, "Mama, shuka. Panda tena."

Nikamwandikia kwenye kiganja kwa kidole: mbovu?

"Si mbovu," akasema. "Tisini na saba."

Daktari alikuwa binti mdogo, Daktari Lilian, kiwiliwili changu kingeweza kutoa wanne kama yeye. Nikasema moyoni, huyu atalivuta jino langu kwa nguvu gani? Akaniinamia na kile kioo chao kidogo, akavuta pamba moja, akainusa. Akavuta ya pili. Ya tatu.

"Mama, hizi ni nini?"

"Dawa," nikajibu kwa tabu.

"Dawa gani?"

"Asali."

Nikaona afadhali nijitetee, basi nikamtolea ile hoja yangu yote, na taya lile lile: asali haiozi, daktari, kaa nayo miaka, haiozi. Akaweka kioo chini. Akajaribu kuzuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika kiti. Halafu akanishika bega akasema, "Ni kweli kabisa. Asali haiozi. Meno ndiyo yanaoza."

Akaniuliza nakula vitu vitamu mara ngapi kwa siku. Nikamtajia uji, chai, soda. Akaandika. Akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Kalamu ikasimama. "Unaonja mara ngapi kwa siku?" Nikamwambia msimu ukikolea ni ndoo hamsini, sitini. Sikuwa nimezitaja kwa sababu kwangu ile ilikuwa kazi, si kula. Mkulima hasemi amekula jembe. "Na ukishaonja unasukutua?" Nikamuuliza kwa mshangao wa kweli, nisukutue asali ili iweje?

Sitawaeleza mambo ya kitabibu, siyajui. Nitawaeleza alichoniambia. Upande wa kulia umekwisha, meno matano yatoke, moja moja, mpaka kiangazi kiishe. Upande wa kushoto una manne mabovu, ila yana uhai, atajaribu kuyasafisha na kuyaziba. "Hayo manne ndiyo meno yako ya kutafunia yaliyobaki," akasema. "Ukiendelea hivi, mvua zijazo zikikatika nitayang'oa nayo, na utakunywa uji maisha yako yote." Nikamuuliza na unene je, nao unatibiwa wapi? Akasema, "Hapa hapa. Kinachokujaza ndicho kinachokula meno. Sukari ukiacha, vyote viwili vitapata nafuu."

Miaka arobaini na sita, niishie kwenye uji! Nilitoka pale nimeapa: hayo manne sitayatoa.

Kiangazi chote nikakihesabu kwa sindano za ganzi. Jino la kwanza nilililia kabla halijaguswa. La pili nilimshika Nesi Editha mkono mpaka akaomba nimwachie, anauhitaji kazini. La tatu mzizi ulivunjika, Daktari Lilian akapanda kwenye kijistuli, jasho linamtoka, na mimi namhurumia yeye. Nilipofika la tano tulikuwa kama ndugu. Ile sauti ya jino linapotoka kwenye taya, ukiisikia kwa ndani, haielezeki, ila niamini mimi, ukishaisikia mara moja unajua uovu umetoka. Wiki ya pili baada ya lile la tano, Fortunatus aligeuka akalala akinitazama mimi. Mimi nilitaka kushangilia nyumba nzima iamke.

Kigumu kushinda vyote kilikuwa nyumbani, kwenye sufuria. Siku ya kwanza nilipokataa uji, mama mkwe aliinamisha kikombe akakitazama kama amekosea yeye. "Una nini? Umeuona una uchafu?" Nikamweleza: daktari, sukari, meno. "Daktari anajua uji wangu?" Akanywa peke yake. Siku ya tatu hakunywa, aliumwaga kwa kuku mbele yangu makusudi. Mimi nilikuwa natafuna maharage kwa upande mmoja, na dagaa waliotwangwa, na matembele niliyoyakatakata mpaka unga, na kila kijiko ni vita, halafu pembeni kuna mtu ananuna. Nikawa mkali. Njaa ya utamu si njaa ya kawaida jamani. Nilikuwa nafokea watoto, nafokea mbuzi, nafokea redio.

Na nilianguka, acha niseme. Mvua za kwanza zilipopiga, niko peke yangu ndani, kuna chupa ya asali nyuma ya mlango. Nilisimama gizani nyuma ya mlango wangu mwenyewe nikailamba kwa vidole, kama mwizi, mpaka ikafika nusu. Nilifanya hivyo siku nne. Ya tano Fortunatus alifungua mlango akanikuta na kidole mdomoni. Nilidhani atagomba. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu, akasema, "Mke wangu, nilikuwa nimeshaanza kukuzoea unacheka na mdomo wazi." Akachukua chupa akaenda kumpa jirani. Zile siku nne ziliniponza. Moja ya yale manne likavimba, Daktari Lilian akalipigania wiki tatu, likashindikana, likatoka. Nilikuwa nimebakiwa na matatu.

Baada ya hapo sikulamba tena hata ncha ya kijiko. Lakini ulimi ndio kazi yangu, ningeishije? Daktari akanipa shauri: onja, tema, sukutua kwa maji, ndoo inayofuata. Rahisi kwake kusema! Msimu mdogo, ule wa mwanzo wa mvua, nilirudi ghalani na birika la maji na beseni. Na nani yuko mbele kwenye mstari? Mzee Ntinda. Kuja kwake kulikuwa kwa shari kabisa, alitaka watu waone kama nitathubutu.

Nikaonja. Jamani, asali ile! Maua ya mitundu, ile miti ya porini kwetu, yalifunguka mdomoni mwangu yote. Nikatema kwenye beseni.

"Mara ya pili!" Mzee akapaza sauti. "Mnamwona? Mara ya pili!" Wenzake wakaanza kunung'unika, ndoo zikaanza kufunikwa mstari mzima. Nikaona kazi yangu inaondoka hivi hivi. Nikainuka kwenye stuli, nikamfuata Mzee Ntinda karibu, nikafungua mdomo wangu wote mbele ya kadamnasi.

"Angalia, baba," nikasema. "Upande huu hakuna. Upande huu yamebaki matatu. Asali yako ndiyo tamu kuliko zote zilizowahi kufika hapa, ndiyo maana nimeitema. Ningeimeza ningerudia."

Aliinama akatazama. Akatazama sana, mpaka nikaanza kuona aibu. Halafu akaingiza kidole mdomoni mwake mwenyewe akavuta shavu, akanionyesha: pengo, pengo, jino jeusi. "Na mimi naweka nta," akanong'ona. Wengine nao wakafunua midomo yao, kumbe nusu ya mstari ule walikuwa na kitu wamekishindilia kwenye jino, asali, nta, tumbaku. Tulicheka siku ile mpaka kazi ikachelewa. Tangu hapo nikiikubali ndoo naigonga kifuniko mara mbili kwa kiganja. Mzee Ntinda mwenyewe ndiye aliyepeleka habari kwa wengine.

Mvua zikaendelea, na mimi nikaendelea kupungua. Tisini. Themanini na sita. Nesi Editha akawa ananitangaza benchi zima lisikie. Pete ikatoka yenyewe nikifua. Nikawa nafika ghalani bila kukaa njiani hata mara moja. Lakini mtaani maneno yalibadilika. Wale wale waliosema nimenawiri wakaanza kunishika mkono kwa huruma. "Pole, mama. Kunywa dawa kwa wakati." Dawa gani? Mpaka nikaelewa wanafikiria nini. Na siku moja jioni mama mkwe akaniletea wanajumuiya, wanawake kumi na wawili, rozari mkononi, wamejipanga sebuleni kwangu kuniombea nipone ugonjwa mkubwa. Mama mwenyewe analia kona. "Mwanangu ataonekana hamlishi mkewe," anasema. Nilikasirika! Nikawaambia nyie salini, tena salini sana, mniombee meno matatu ya kushoto, majina yao siyajui. Walishindwa kujizuia, wakacheka katikati ya Salamu Maria. Mama mkwe hakucheka. Aliniambia, "Siku ya kwenda kwa huyo daktari wako tutaenda wote. Nimuulize mwenyewe anakufanya nini."

Siku hiyo ilifika mvua zimekatika, njia ya Mwamkulu imeanza kukauka matope. Sikulala vizuri. Nilikuwa naenda kuambiwa kama nitatafuna au la, hakuna zaidi ya hilo. Mama mkwe alikuja amevaa gauni lake la Pasaka, ameshika mkoba kifuani, hanisemeshi. Benchi likatupokea na kimya chake. Nikapanda mizani. Sabini na tisa! Nesi Editha akanikumbatia, mizani ikayumba.

Mama mkwe akaingia nami ndani bila kuulizwa. Nikalala kwenye kiti. Daktari Lilian akagonga la kwanza na kile kichuma chake. "Linauma?" Haliumi. La pili. Haliumi. La tatu, lile la mwisho nyuma, aligonga mara tatu, akalipulizia hewa, akatazama picha yake kwenye mwanga, akatazama tena. Moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko yeye.

"Mama Tumaini," akasema, "kafie mbele na mahindi yako. Yote matatu yamekaa."

Nilipiga kigelegele. Ndani ya chumba cha daktari, na vidole vyake vya glovu bado viko mdomoni mwangu, nilipiga kigelegele mpaka benchi nje likaitikia, na wale hawakujua hata wanashangilia nini. Nililia, nikacheka, nikashuka kwenye kiti nikamnyanyua yule binti juu kidogo, nakumbuka miguu yake ilining'inia. Matatu! Nina matatu! Nyie, mtu anaweza kuwa tajiri kwa meno matatu.

Nikavua kitenge changu nikifunge upya. Nikamwambia mama mkwe twende. Hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pembeni anakitazama kiti kikubwa.

"Daktari," akasema taratibu, "ukimaliza naye, mimi je?"

"Wewe una nini, Bibi?"

Akafungua mdomo. Sikuwahi, katika miaka yote ya kukaa naye, kuuona mdomo wa mama mkwe ukiwa wazi. Nyuma hakukuwa na kitu, kulia wala kushoto. Yalibaki vipande vyeusi, na fizi moja imevimba imekuwa nyekundu. Daktari Lilian akamuuliza imeanza lini. Akasema tangu yuko Usevya, mzee wake yu hai bado.

Nikasimama pale na kitenge changu mkononi. Sufuria asubuhi, sufuria saa kumi. Watoto wanakimbilia ugali, tunabaki wawili.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukusema? Miaka yote hiyo?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Wewe ulikuwa unakula na mimi," akasema. "Ulipoacha ndiyo nikabaki peke yangu."

Akapanda kwenye kiti mwenyewe, mkoba bado kifuani. Daktari alipoinua sindano ya ganzi akafumba macho, akanyoosha mkono hewani anautafuta wangu. Nikaushika, nikamwambia inauma kidogo tu mwanzoni, halafu haiumi tena, mimi najua.